Damu na Hiari ya Mwanamume

Hakuna udhuru mwepesi katika kinywa cha mwanamume kama ule usemao kuwa ndivyo alivyoumbwa. Aliyempiga mkewe huutaja mbele ya wazee. Aliyevunja ahadi ya ndoa huutaja mbele ya nafsi yake. Kijana aliyezua ugomvi uwanjani huutaja mbele ya rafiki zake, nao humcheka na kumsamehe. Zamani udhuru huu ulisemwa kwa jina la damu, kwamba damu ya ujana huchemka. Siku hizi umepata jina la kitaalamu, nalo ni testosteroni. Jina jipya limeuvika udhuru wa kale joho la elimu, na mvaa joho aghalabu haulizwi atokako. Ni wajibu wa fikira basi kuuliza. Je, tone hili lililomo katika damu ya mwanamume ni bwana wake au ni mtumishi wake? Na kama ni bwana, ni nani astahiliye lawama kwa ubaya, na ni nani astahiliye sifa kwa wema?

Nguvu ya kitu hiki katika mwili haikanushiki. Wafugaji waliijua kabla haijapata jina. Ndume akihasiwa angali mchanga huwa maksai: shingo yake hainenepi kama ya fahali, ukali wake hupoa, na hukubali kufungwa nira pamoja na mwenzake wakavuta plau kutwa bila ya kupigana. Methali ya fahali wawili wasiokaa zizi moja haikutungwa kwa ajili ya maksai. Kwa hiyo mkulima aliyekuwa hajui kusoma wala kuandika alikuwa tayari ameshika nusu ya elimu hii mkononi mwake: katika korodani mna kitu ambacho kikiondolewa, umbo na tabia ya mnyama hubadilika.

Nusu ya pili ilipatikana katika mji wa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1849. Mtaalamu Arnold Berthold alichukua majogoo sita wachanga akawahasi. Wawili aliwaacha hivyo hivyo, nao wakakua wanene na watulivu, wasiowika wala kupigana, na upanga wa vichwani mwao ukasinyaa. Wengine aliwarudishia korodani moja, iwe yao wenyewe au ya mwenzao, akaipandikiza tumboni mahali pasipo pake. Hao wakawika, wakapigana, wakawafuata mitetea, na panga zao zikawa nyekundu kama za majogoo wengine. Mishipa ya fahamu ya korodani zile ilikuwa imekwisha katwa. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, yaani damu. Berthold akahukumu kwamba korodani hutia kitu katika damu, na damu hukichukua kitu hicho kukipeleka mwilini kote. Hukumu yake ilikuwa ya haki, walakini ilikaa miaka mingi bila ya kutazamwa sana.

Ilichukua miaka 86 kukipata kitu chenyewe. Mwaka 1931 Adolf Butenandt alichuja lita 15,000 za mikojo ya askari polisi, akapata miligramu 15 tu za homoni ya jamii hiyo. Mwaka 1935 wataalamu wa Amsterdam waliokuwa pamoja na Ernst Laqueur waliitoa homoni yenyewe katika korodani za mafahali wakaipa jina la testosteroni, na katika mwaka huo huo Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, wakaweza kuitengeneza. Mwaka 1939 wawili hao walitunukiwa nishani ya Nobel ya kemia, ingawa serikali ya Ujerumani ya wakati ule ilimzuia Butenandt kuipokea. Hivyo kitu kilichokuwa siri ya zizi na banda la kuku kikaingia katika chupa.

Kazi ya kitu hiki huanza kabla mtoto hajaiona jua. Kiasi cha juma la nane la mimba, korodani changa za kijusi cha kiume huanza kuitoa testosteroni, na ni hiyo inayoelekeza viungo vya uzazi vishike umbo la kiume. Baada ya kuzaliwa huinuka tena kwa miezi michache, kisha hulala. Hulala miaka mingi, mtoto akacheza na kukua, hata siku ambayo ubongo hupeleka amri kwa tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake, na tezi ile huziamsha korodani. Ndipo kongomeo hupanuka na sauti ya mtoto ikawa nzito. Ndevu huota, mabega hutanuka, misuli hujaa, mifupa hurefuka, chembe nyekundu za damu huongezeka, na mbegu za uzazi huanza kutengenezwa. Mambo yote haya hutendwa na kiasi kidogo mno. Katika desilita moja ya damu ya mwanamume mzima mwenye afya aghalabu huwamo baina ya nanogramu 300 na 1,000, na nanogramu ni sehemu moja katika sehemu bilioni moja za gramu.

Lakini hapa hapa katika mwili, kabla ya kufika kwenye tabia, mna jambo la kumnyenyekeza mwenye majivuno. Sehemu ya testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni, homoni ambayo watu wameizoea kuiita ya kike, na ni hiyo inayoifunga mifupa ya mwanamume mwishoni mwa balehe na kuipa uimara. Mwaka 1994 matabibu walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na urefu wa sentimita 204, alikuwa bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa dhaifu. Testosteroni alikuwa nayo tele. Mwanamke naye hutengeneza testosteroni katika mwili wake, kwa kiasi kidogo zaidi. Basi maumbile hayakujenga ukuta baina ya watu wa aina mbili. Yaliwagawia vitu vile vile kwa vipimo mbalimbali. Anayesema kwamba hana chochote cha kike ndani yake hajui kinachomsimamisha wima.

Kufikia hapa maumbile yamekubaliwa haki yake. Homoni hujenga mwili, nao mwili huelekea huku na huku. Swali lililobaki ni kama homoni hutoa amri. Kwa jogoo jibu ni jepesi, maana jogoo hana shauri analolifanya na nafsi yake kabla ya kuwika. Kwa mtu, ushahidi hauendi upande ambao wenye udhuru wanautaka.

Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa Zurich, Uswisi. Wanawake zaidi ya 100 walipewa ama testosteroni ama dawa isiyo na kitu, bila ya kujua wamepewa ipi, kisha wakawekwa katika mchezo wa kugawana fedha. Mmoja hupendekeza mgawanyo. Mwenzake akiukataa, wote wawili hukosa. Watu wengi wangedhani kwamba homoni ya ubabe ingemfanya mtu apunje. Ikawa kinyume: waliopewa testosteroni walipendekeza mgawanyo wa haki zaidi. Lakini wale walioamini kwamba wamepewa testosteroni, ikiwa kweli wamepewa au hawakupewa, walipendekeza mgawanyo wa dhuluma zaidi. Jaribio moja halifungi mlango wa hoja, wala wanawake si wanaume. Hata hivyo funzo lake ni zito. Imani juu ya dawa ilikuwa na sumu isiyokuwamo ndani ya dawa. Watu wale walifikiri kwamba wamepewa ruhusa, nao wakaitumia ruhusa. Mwanamume aliyefundishwa tangu utotoni kwamba damu yake ni ya ukali yuko katika hali ile ile: huenda anaitii hadithi akidhani anaitii damu.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadza, watu wa kuwinda na kuchuma matunda ya porini, na jirani zao Wadatoga, watu wa kufuga. Baba wa Kihadza hukaa na watoto wake wachanga, huwabeba, huwalisha na kulala nao. Kwa Wadatoga ulezi wa mtoto mchanga umekuwa zaidi kazi ya wanawake. Mwaka 2009 watafiti walitoa habari ya vipimo vya testosteroni vya wanaume wa jamii hizi mbili. Miongoni mwa Wahadza, wenye watoto walikuwa na kiasi cha chini kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 2011 ikaja habari ya namna hiyo kutoka Cebu, Ufilipino, ambako wanaume 624 walipimwa ujanani na kupimwa tena baada ya miaka kadhaa. Waliokuwa na homoni nyingi mwanzoni ndio walioelekea zaidi kupata mke na mtoto. Lakini walipokwisha kuwa baba homoni ile ilishuka sana, na waliokuwa wakitumia saa 3 au zaidi kila siku kumlea mtoto ndio waliokuwa na kiasi cha chini kuliko baba wasiolea.

Mambo haya yanaugeuza udhuru juu chini. Mwenye udhuru husema: damu yangu ni hivi, kwa hiyo mwenendo wangu ni hivi. Habari za Eyasi na Cebu zinasema kwamba mwenendo nao hupeleka salamu katika damu. Mwanamume akimbeba mtoto wake, damu yake humsikia. Baba wa Kihadza na baba wa Kidatoga hawakuumbwa kwa udongo mbalimbali. Walilelewa katika desturi mbalimbali, na desturi ikaandika katika damu kile ambacho mtu mvivu wa fikira angekisoma na kusema ni maandishi ya maumbile. Wala upungufu ule si ugonjwa, wala baba wa Kihadza si mwanamume pungufu, maana huamka akachukua upinde wake akaenda kuwinda.

Mpinzani huweza kusema: ikiwa desturi huongoza damu, na damu huongoza mtu, basi mtu amepata mabwana wawili badala ya mmoja, na hiari yake bado haijaonekana. Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya mambo mawili, yaani kivutio na amri. Njaa ni kitu cha mwili kuliko hasira, nayo ni kali zaidi. Hata hivyo katika mwezi wa Ramadhani mamilioni ya watu huisikia njaa toka alfajiri mpaka magharibi, na mkono hauendi kwenye chakula. Hakuna asemaye kwamba tumbo lao limekufa, wala kwamba homoni za njaa zimekoma kufanya kazi. Zinafanya kazi sana. Ndiyo maana saumu ina thawabu. Ikiwa mtu huweza kuitawala njaa kwa siku 29 au 30 kwa sababu ya ahadi aliyoifanya na Mola wake, atasemaje kwamba hakuweza kuutawala mkono wake kwa dakika moja mbele ya mkewe? Kivutio hueleza kwa nini jambo lilikuwa gumu. Hakielezi kwa nini halikufanywa. Kueleza si kusamehe, na sababu ya kosa si ruhusa ya kosa.

Wazee walioweka jando walilijua jambo hili kwa njia yao. Waliona kwamba ndevu huota bila ya mwalimu na sauti huwa nzito bila ya somo. Kama mwili peke yake ungetosha kumfanya mtu kuwa mwanamume, kazi ya kumpeleka kijana kando, kumfunza heshima, siri, uvumilivu na haki za watu wa nyumbani mwake, ingekuwa kazi bure. Walimpeleka kwa sababu walijua kwamba balehe humletea kijana nguvu na haimletei maana ya nguvu. Yamkini katika mafunzo yale yalikuwamo mambo ambayo leo hayafai tena kufundishwa. Lakini msingi wake ulikuwa wa kweli: mwili hukua wenyewe, na mtu hukuzwa.

Mwenye kudhani kwamba uanaume umo ndani ya tone hana budi kuamini pia kwamba huweza kununuliwa. Biashara hii ni ya zamani. Mwaka 1889 Charles-Édouard Brown-Séquard, mtaalamu mashuhuri aliyezaliwa Mauritius, alisimama mbele ya wenzake mjini Paris akiwa na umri wa miaka 72, akatangaza kwamba amejidunga maji ya korodani za mbwa na za panya wa Guinea, na nguvu za ujana zimemrudia. Wazee wengi wakakimbilia dawa ile. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Mzee yule alitiwa nguvu na tumaini lake. Katika miaka ya 1920 Serge Voronoff alipata umaarufu na mali kwa kupandikiza vipande vya korodani za nyani katika miili ya wanaume. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini wauza moshi hawakosi wanunuzi.

Leo dawa iliyomo katika chupa ni ya kweli, na kwa sababu hiyo hatari yake ni ya kweli pia. Kijana mwenye afya anayejidunga testosteroni apate kifua na mabega hupeleka habari ya uongo kwa ubongo wake, kwamba korodani zimekwisha tenda kazi ya kutosha. Ubongo huacha kutuma amri. Korodani hulala na kusinyaa. Mbegu za uzazi hupungua, pengine hata kwisha kabisa. Akiacha, aghalabu hurudi, ila baada ya miezi mingi, na si kwa kila mtu. Damu yake huweza kuwa nzito kupita kiasi. Hivyo anayenunua sura ya mwanamume huweza kulipa kwa ubaba wake. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mtu auzaye nyumba ili anunue mlango.

Pamoja na hayo, ingekuwa dhuluma kumcheka mgonjwa kwa sababu ya kosa la mpumbavu. Wako wanaume ambao miili yao haitengenezi homoni hii ya kutosha. Mmoja katika kila wanaume 500 mpaka 1,000 huzaliwa na kromosomu ya X iliyozidi, hali ambayo Harry Klinefelter aliieleza mwaka 1942, na wengi wao huishi bila ya kujua mpaka wanapotafuta mtoto wasipate. Kwa watu wa namna hii testosteroni ni dawa kama dawa nyingine: huimarisha mifupa, misuli na moyo wa kuishi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 45 mpaka 80 waliokuwa na upungufu wa homoni pamoja na ugonjwa wa moyo au hatari yake, ulionyesha kwamba dawa hii haikuzidisha shtuko la moyo wala kiharusi kuliko dawa isiyo na kitu. Lakini mapigo ya moyo yasiyo na utaratibu, na damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu, vilionekana zaidi kwa walioitumia. Ndiyo hali ya dawa ya kweli: ina mahali pake, ina kipimo chake, na inamtaka tabibu. Mgonjwa anayejificha kwa aibu, na mzima anayejidunga kwa majivuno, wote wawili wamedanganywa na fikira moja, kwamba thamani ya mtu hupimwa kwa nanogramu.

Fikira hiyo inakutana na hukumu yake katika wodi ya saratani ya tezi dume. Mwaka 1941 Charles Huggins na wenzake mjini Chicago walionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, na kwamba homoni ikiondolewa saratani hunywea. Kwa kazi hiyo Huggins alipata nishani ya Nobel mwaka 1966, na mpaka leo kuzuia testosteroni ni matibabu makubwa ya saratani hiyo inapokuwa imeenea. Tabibu humwambia mgonjwa waziwazi. Matamanio yatapungua au yatakoma; joto litampanda ghafla usiku; misuli italegea na mifupa itadhoofika. Kilichomfanya kuwa na sauti nzito na mabega mapana kitazimwa, ili apate kuishi.

Mgonjwa huyo aghalabu ni mtu mzima mwenye wake na wana. Hukaa akafikiri. Huenda akamwita mkewe wakashauriana, jambo ambalo pengine hakulizoea. Kisha hukubali, si kwa kuwa haogopi, bali kwa kuwa kuna watu wanaomtegemea. Kama ushujaa ungekuwa ni mazao ya homoni, ungepaswa kupungua kila sindano inapoingia. Walakini ni katika miezi ile ile, testosteroni ikiwa karibu na kwisha, kwamba mtu huyo hustahimili maumivu bila ya kuwatukana wauguzi, huwagawia wanawe mashamba kwa haki, na huwaomba msamaha aliowakosea zamani alipokuwa na nguvu. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba huyo ameacha kuwa mwanamume. Wengine watasema kwamba ndiyo kwanza ameanza.

Majogoo wawili wa Göttingen waliponyimwa tone lile hawakuwika tena, na hapana awezaye kuwalaumu. Mtu aliyenyimwa tone hilo hilo huamka alfajiri, akawaamsha wanawe kwa sauti iliyochoka, akawauliza kama wamelala salama.